Visiwa Vitano vya Aslaug Breivoll

Ndugu, jamaa, majirani wa Sandneset na nyote mliofika leo kumsindikiza Aslaug, mimi ni Eilif, mdogo wake, na kwa kuwa wazazi wetu hawapo tena na mumewe alitangulia, kazi ya kusoma maisha yake imeniangukia mimi, mtu niliyestahili kuliko wote kunyimwa kazi hiyo. Katika karatasi mliyopewa mlangoni kuna maelezo ya nusu ukurasa yaliyoandikwa na mpwa wangu Ingerid, binti wa marehemu, nayo ni ya kweli kwa kadiri Ingerid alivyoambiwa, ila yupo mtu ambaye hakumwambia yote, na mtu huyo ndiye amesimama hapa mbele yenu. Naomba mnivumilie, kwa maana watu wa kwetu hatuna mazoea ya kusema kanisani zaidi ya tarehe na shukrani, kisha tunakwenda kunywa kahawa.

Aslaug alizaliwa tarehe 9 Machi 1941 hapa Sandneset, katika nyumba nyeupe iliyo chini ya barabara, akiwa mtoto wa kwanza wa Konrad Breivoll, mvuvi, na mkewe Petra, na mimi nilimfuata miaka minne baadaye, tukawa wawili tu. Alisoma shule ya kijiji kuanzia mwaka 1948 hadi 1955, na akiwa na miaka tisa alichora ramani ya ghuba yetu yenye kila mwamba uliomharibia mtu nyavu, akampa baba, na baba, ambaye hakuwa mtu wa kumsifia mtoto, aliitazama akasema tu kwamba jiwe la mbele ya gati la Nils halimo. Aslaug alichukua mashua akapiga makasia hadi pale, akaligusa lile jiwe kwa ncha ya kasia, akarudi akalichora, na baba akaitundika ramani ile ndani ya chombo chake hadi alipostaafu bahari. Tangu siku hiyo dada yangu hakuandika kitu kwenye ramani ambacho hakikuguswa.

Alimaliza masomo ya sekondari mjini Tromsø mwezi Juni 1960, akaenda Oslo kusomea jiografia, akahitimu mwaka 1966, na tarehe 1 Septemba mwaka huohuo akaajiriwa katika ofisi ya upimaji wa visiwa vya kaskazini, mjini Tromsø, akiwa mwanamke pekee katika ghorofa nzima. Mwaka 1970 mimi nami nikaajiriwa hapo, na msidhani ni kwa akili zangu, Aslaug ndiye aliyeniombea, akawaambia wakubwa zake kwamba mdogo wake ana mikono myepesi na hasemi uongo. Maneno hayo aliniambia mkuu wa ofisi mwenyewe, na nimeyabeba hadi leo.

Majira ya joto ya mwaka 1973 alipewa kikosi chake cha kwanza, watu watano, mimi nikiwa mmojawapo, na mashua mbili, kwenda kupima Lomøyane, na huku ofisini watu waliwekeana dau la bia, wakisema haya sasa, tuone sketi itasimama vipi juu ya barafu. Kwa wale ambao hawakuwahi kumsikia akivitaja, na hapa kijijini sidhani kama yupo, Lomøyane ni visiwa vidogo juu ya latitudo ya sabini na tisa, mashariki ya kila mahali penye moshi wa jiko, hakuna mtu aliyezaliwa huko wala aliyezikwa huko, na dada yangu alivijua kama mtu anavyojua vyumba vya nyumba aliyokulia. Cha kwanza ni Storlom, kirefu, kilomita kumi na moja, chenye majabali meusi upande wa kaskazini na ziwa dogo ambalo maji yake huwa matamu hadi dhoruba za vuli ziyatie chumvi. Cha pili ni Kvalryggen, chenye ngazi za changarawe zinazopanda kutoka baharini, na juu kabisa, mita arobaini kutoka kwenye maji, imelala mifupa ya nyangumi, kwa sababu nchi ile imekuwa ikiinuka polepole tangu barafu kuu iliposhuka mgongoni mwake, na Aslaug alipenda kusema kwamba nyangumi yule hakupanda, ni ufuko ndio uliompandisha. Cha tatu ni Nåla, nguzo ya jiwe yenye ndege wengi kuliko nafasi, cha nne ni Flathella, mwamba mweusi ulio bapa kama meza, na cha tano ni Ytterst, kifupi, cha mwisho upande wa mashariki, chenye ulimi wa mawe unaotoka kusini mwake na kwenda chini ya maji karibu maili nzima. Vyote vitano alivikanyaga.

Sheria yake huko ilikuwa ileile aliyoipata kwa baba, kwamba kisiwa hakiandikwi mpaka mtu amekipanda, amefukua changarawe hadi mwamba, amepiga nyundo, na amerudi na kipande cha jiwe ndani ya mfuko wenye namba ya kisiwa hicho. Haikuwa ukaidi, bahari ile ina hila, milima ya barafu hukwama kwenye maji ya kina kifupi na kukaa miaka, sehemu ya juu ikayeyuka, changarawe iliyokuwa tumboni mwake ikabaki imetanda, ndege wakatua, hata mtu aliye mbali akaapa kwamba ameona nchi kavu.

Tarehe 19 Agosti tuliona kitu cha namna hiyo, maili mbili kaskazini mashariki ya Ytterst, kirundo cha kijivu chenye urefu wa mita sitini, na picha zilizopigwa kutoka angani miaka ya nyuma zilikuwa na wingu mahali hapo, kwa hiyo hazikutusaidia. Aslaug alikitazama kwa darubini muda mrefu, kisha akaniambia, "Kile mimi sikiamini. Nenda ukakipige nyundo, Eilif. Jiwe hulia, barafu hupasuka."

Sheria ilitaka twende wawili, mwenzangu alikuwa na homa hemani, nikasema nitakwenda peke yangu, nikaonekana shujaa. Nilikisogelea hadi mita kumi hivi, maji yalikuwa yamejaa vipande vya barafu, ufuko ulikuwa mwinamo, nikaona kwamba itanibidi nishuke majini hadi mapajani, na kwa kuwa leo nasema yote, niliogopa pia, ukungu ulikuwa unashuka. Nikazima injini, nikanywa kahawa yangu, nikala mkate wangu na jibini ya kahawia, nikakitazama kile kirundo kwa dakika ishirini, kisha nikatoa mkobani jiwe nililolivunja asubuhi kule Flathella, nikalipasua vipande viwili juu ya sanduku la vyombo, kimoja nikakirudisha kwenye mfuko namba nne, na cha pili nikakitia kwenye mfuko namba sita. Kisiwa cha sita sikukikanyaga.

Niliporudi kambini Aslaug alikuja hadi kwenye maji kunipokea, akauliza neno moja, kama kimelia, nami nikamjibu, "Kimelia, dada." Ukungu ukakaa siku tatu, barafu ikaanza kufunga, tukaondoka, na yeye akaandika kwa mkono wake katika kitabu cha vipimo kwamba kisiwa cha sita ni mwamba, akaweka sahihi yake kama kiongozi wa kikosi. Ilikuwa desturi yetu kwamba aliyekipanda kisiwa kisicho na jina ndiye anayependekeza jina, nami nikapendekeza jina la mama yetu, likakubaliwa, na ramani ilipochapwa mwaka 1975 kikawemo, Petraøya, Kisiwa cha Petra. Mama aliinunulia ramani ile fremu, akaitundika sebuleni juu ya redio, na hakuna mwanamke wa chama cha kina mama aliyekunywa kahawa kwetu bila kuonyeshwa. Mngetegemea hapo moyo unisute, haukunisuta, nilijiona mtoto mwema.

Tarehe 12 Juni 1976 Aslaug alifunga ndoa na Halvard Moen, mwalimu, katika kanisa hili hili, na tarehe 3 Februari 1978 Mungu akawajalia mtoto wao mmoja, Ingerid. Ilikuwa ndoa tulivu, Halvard akipika na Aslaug akiosha vyombo, na walidumu pamoja hadi Halvard alipofariki tarehe 30 Oktoba 2009.

Sasa nafika mahali ambapo karatasi ya Ingerid inasema kwamba mwaka 1985 marehemu alihamishiwa katika kazi za kumbukumbu. Tarehe 14 Septemba 1984 meli ya kuvulia kamba, Havdis, yenye watu sita, ilikimbia upepo wa kaskazini kwenda kujikinga nyuma ya Lomøyane, ndani ya ukungu, na nahodha alikuwa na ramani ya dada yangu mezani. Kisiwa cha kwanza kutokea kwenye rada akakichukua kuwa ni Petra, kwa sababu ramani ilisema hivyo, akapita kusini mwake, ambako ramani iliandika maji ya mita sitini, kumbe Petra ilikuwa imekwisha kuyeyuka zamani, na kile alichokiona ni Ytterst, na alichokipanda ni ule ulimi wa mawe. Watano waliokolewa. Fundi mitambo, Reidar Nymo, kijana wa miaka ishirini na tisa, alishuka kuwasha pampu na hakupanda tena, akamwacha mkewe Oddny akiwa na mimba ya miezi saba.

Ndege ilitumwa kutazama mahali pa Petra, ikakuta bahari tupu. Wiki moja kabla ya baraza la uchunguzi kukaa, mwezi Februari 1985, Aslaug aliniita nyumbani kwake, akanikaribisha jikoni, mezani palikuwa na kitambaa kimefunika kitu, sikuuliza ni nini. Akanimiminia kahawa, akasema, "Mdogo wangu, nakuuliza mara moja tu. Ulishuka?"

Nikamwambia, "Nilishuka, dada. Nilipiga nyundo."

Alinitazama kidogo, akaniongezea kahawa ambayo sikuwa nimeinywa, kisha akaniuliza habari za watoto wangu, yule mkubwa kama kikohozi kimepona. Nilitoka pale nikiwa nimepata nafuu, na nafuu ile ndiyo inayonitia aibu kuliko hata uongo wenyewe.

Mbele ya baraza aliulizwa ni nani aliyekipanda kisiwa cha sita, nami nilikuwa nimekaa safu ya pili nyuma yake, nikiiona shingo yake. Alijibu kwamba kitabu kina sahihi moja, na sahihi hiyo ni yake. Walipomtaka alete mfuko wa jiwe namba sita alisema, "Umepotea, na aliyeupoteza ni mimi." Wakaandika kwamba kiongozi alipitisha kisiwa bila uthibitisho na tena akapoteza vielelezo, ramani ikaondolewa, na yeye, akiwa na miaka arobaini na minne, akashushwa ghorofa ya chini kutunza majalada hadi alipostaafu mwaka 2008, hakwenda tena visiwani hata mara moja. Mimi nikapandishwa cheo mwaka 1988. Kwenye karamu za Krismasi za ofisi ilikuwa lazima mtu ainue glasi na kuuliza, "Aslaug, mwaka huu umetuletea kisiwa gani?" na meza nzima ikacheka, naye akatabasamu akila samaki wake, na mimi, ndugu zangu, nilicheka pamoja nao.

Mama aliishusha ramani ukutani na kuiweka nyuma ya kabati, akaacha kwenda kwenye chama, akasema mbele yangu kwamba binti yake alimpa kisiwa kisha akamnyang'anya mbele ya watu. Aslaug alikuja kumtazama kila Jumapili, akikaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango, na mama alimwandalia kahawa bila kumwandalia kitu cha kutafuna. Mama alifariki tarehe 4 Mei 1991 bila kulibadilisha neno lake, na mimi niliyekuwa na uwezo wa kulibadilisha kwa sentensi moja nilikuwa nimemshika mkono. Wanasema njia ya mwongo ni fupi, basi mimi sijui niliipata wapi yangu, imekwenda miaka hamsini na moja.

Bibi Oddny Nymo yupo nasi leo, upande wa kushoto, nilimwandikia barua Jumanne nikimwomba aje, na nilimweleza sababu. Kwa miaka arobaini, kila alipomwona Aslaug dukani, Bibi Oddny aligeuza toroli lake na kupita njia nyingine, na Aslaug hakumlaumu, alisema ana haki. Bibi Oddny, haki ulikuwa nayo, mtu ndiye hakuwa yule, toroli lako lilipaswa kunigeukia mimi, ambaye ulikuwa ukinisalimia na kuniuliza hali ya hewa.

Kuhusu ugonjwa wake, Aslaug alianza kulalamika maumivu ya tumbo mwezi Septemba mwaka jana, na tarehe 16 Oktoba 2024 madaktari wakagundua saratani ya kongosho, wakamweleza wazi, naye akauliza tu kama atafika Krismasi, akafika. Tarehe 10 Januari alinituma nimletee hospitali kisanduku cha mbao kilichokuwa chini ya kitanda chake, nikampelekea, akanitaka nikifungue. Ndani kulikuwa na mifuko sita yenye namba, pamoja na ule uliosemwa umepotea. Akatoa jiwe la mfuko namba nne na jiwe la mfuko namba sita, akayaweka juu ya blanketi, na kwa vidole vyake vilivyobaki ngozi akayasogeza hadi yakashikana, hata unywele usingepita.

Aliniambia, "Niliyaona hivi mwaka themanini na tano, kabla hujafika jikoni. Yalikuwa chini ya kitambaa."

Nililia, mzee wa miaka sabini na tisa, nikamuuliza kwa nini hakusema. Akajibu, "Mama angeweza kuishi bila kisiwa, bila wewe asingeweza. Halafu mama akafa, nikasema sasa Eilif atasema mwenyewe. Nimengoja sana, mdogo wangu."

Hakuongeza lawama nyingine, angeongeza ningepumua. Alinipa kazi moja, kwamba nimsomee historia yake kanisani, niisome yote au nisiisome kabisa, na mwishoni nivitaje visiwa kwa mpangilio kama alivyonifundisha, na nikifika mahali pa kuishia niishie hapo. Siku zile za mwisho alikuwa akizunguka Storlom kwa maneno, macho yamefumba, akimwonyesha Ingerid pa kukanyaga na pa kuruka, na Ingerid alidhani ni dawa, haikuwa dawa.

Alifariki tarehe 21 Januari 2025, saa tano na nusu asubuhi, siku ambayo jua hurudi mjini Tromsø baada ya giza refu la majira ya baridi, wauguzi wakiwa wameleta kwenye trei maandazi ya jua yanayoliwa siku hiyo, akiwa na umri wa miaka themanini na mitatu, miezi kumi na siku kumi na mbili. Ameacha binti mmoja, Ingerid, wajukuu wawili, na ndugu mmoja.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi, hasa wale wa zamu ya usiku waliomwachia ramani kitandani ingawa ilikuwa inachakaza shuka, nawashukuru majirani wa Sandneset mliomsafishia theluji njia yake kila asubuhi bila kuombwa, na kina mama waliooka lefse, mikate myembamba ya kwetu, inayotungoja ukumbini. Nawashukuru wafanyakazi wenzetu wa zamani, nawaona mmekaa nyuma, na nawaarifu kwamba juzi nimepeleka ofisini barua yenye sahihi yangu pamoja na mawe mawili, kitabu cha vipimo kisahihishwe, na jina la kiongozi wa kikosi lisafishwe. Ingerid, mwanangu, ulikulia katika nyumba yenye aibu, na aibu ile haikuwa ya mama yako. Sikuombi unisamehe leo, leo ni siku yake.

Dada, nimesoma yote. Storlom, Kvalryggen, Nåla, Flathella, Ytterst.

Pumzika sasa kwa amani, ile niliyokunyima mimi.